Madirisha Yako Wazi, Joto Haliondoki: Kutafuta Kasoro za Hewa Ndani ya Nyumba

Malalamiko ya joto la ndani hapa Dar es Salaam yanafanana mno. Mtu amejenga, amepaua, ameweka madirisha makubwa ya aluminiamu, na ikifika Februari familia nzima inalala sebuleni sakafuni huku pangaboi likizunguka kwa namba ya mwisho. Fundi wa kiyoyozi ndiye anayeitwa kwanza. Mimi ningemwita wa mwisho, kwa sababu nyumba nyingi za namna hii zina kasoro moja au mbili zinazoonekana kwa macho, na baadhi zinarekebishika kwa kazi ya siku moja.

Kabla ya kugusa chochote, pima kwa moshi. Washa ubani kwenye chetezo, au udi wa kijiti ukiwa huna chetezo. Subiri saa kumi jioni, upepo wa bahari ukiwa umeshika. Acha milango na madirisha kama unavyoyaacha siku zote, kisha simama katikati ya chumba utazame. Moshi ukilala na kuelekea upande mmoja, hewa inapita. Ukipanda wima hadi darini ukatandaa, hewa imesimama. Sogea dirishani, shika chetezo karibu na ukingo wa chini, halafu wa juu. Wakati mwingine utaona moshi wa chini unavutwa ndani na wa juu unatoka nje, maana yake dirisha hilo moja linafanya kazi ya kuingiza na kutoa kwa pamoja, tena kwa shida. Sasa fungua mlango wa chumba, urudie. Zima moto ukimaliza, na usiupeleke karibu na pazia.

Nje kuna upepo, ndani hakuna

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Majani ya mwembe yanacheza uani, pazia la chumbani halitikisiki.

Sababu ya kwanza, na nyingine zinaifuata kwa mbali, ni hewa kukosa pa kutokea. Watu huhesabu madirisha, hawahesabu njia. Chumba chenye madirisha mawili kwenye ukuta mmoja na mlango uliofungwa kina pa kuingilia tu. Upepo ukifika hapo unazunguka pembeni ya nyumba na kuendelea na safari yake. Kama moshi ulibadilika pale ulipofungua mlango, usinunue kitu. Tatizo lako ni mlango.

Angalia chumba cha masta cha nyumba za siku hizi. Kipo kwenye kona, kwa hiyo kingeweza kuwa na madirisha kuta mbili, lakini choo na bafu vimewekwa upande mmoja na kula ukuta wa pili. Kimebaki na dirisha moja, mlango unafungwa usiku, na ndicho chumba chenye joto kuliko vyote ingawa ndicho kilichogharimu zaidi. Nyumba za zamani za Kariakoo na Ilala zilikuwa na ukumbi uliotoka barazani moja kwa moja hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Ukumbi ule ulikuwa njia ya hewa. Tulipouziba kwa sebule na jiko la ndani tuliondoa tundu la kutolea.

Rekebisho rahisi ni kuacha mlango wazi kwa kizuizi, na anayetaka faragha aweke pazia jepesi. La pili ni kutoboa tundu juu ya mlango, kati ya fremu na dari, na kuweka luva za mbao (vipande vilivyoinama vyenye nafasi kati yake) au matofali ya matundu. Kwenye ukuta usiobeba mzigo ni kazi ya fundi seremala na mwashi. Kwa chumba cha masta, acha mlango wa bafu wazi mchana na uhakikishe kidirisha cha bafuni hakijazibwa kwa kioo kisichofunguka. Kipimo cha kukumbuka wakati wa kupanga: hewa ikiingia na kutokea upande uleule, haifiki mbali zaidi ya mara mbili au mbili na nusu ya urefu kutoka sakafu hadi dari. Dari ikiwa mita 2.7, zaidi ya mita 5 au 6 usitarajie kitu. Ikiwa inaingilia upande huu na kutokea ule, inaweza kufika hata mara tano.

Sababu ya pili ni dirisha lenyewe. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, hata ulisukume vipi. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.5 linakupa sawa na la sentimita 75 kwa mita 1.5, na hapo bado hujahesabu nondo na wavu. Luva za vioo, ambazo watu wanazidharau kama za kizamani, hufunguka karibu zote.

Wavu wa mbu nao una sehemu yake. Ukiwa mpya hupunguza upepo; ukishajaa vumbi la barabara na mafuta ya jikoni huufunga kabisa. Pitisha kidole. Kikitoka cheusi na kunata, umeshampata mmoja wa wahalifu. Mwagia maji ya sabuni, sugua kwa brashi laini, suuza, rudia kipimo cha moshi. Usiung'oe ukaacha dirisha tupu, malaria bado ipo. Mwenye baraza anaweza kuweka wavu kuzunguka baraza zima badala ya kwenye kila dirisha: eneo la wavu likiwa kubwa, hewa inapita kwa urahisi zaidi.

Sababu ya tatu ni ukuta wa uzio. Ukuta wa mita 2 na nusu uliosimama hatua chache kutoka dirishani unautupa upepo juu, na nyuma yake panabaki kimya kwa umbali wa mara kadhaa ya urefu wake. Toka nje, simama na ubani kati ya ukuta na dirisha. Moshi ukizungukazunguka hapohapo, ukuta ndio. Kuuvunja wote si lazima. Badilisha kozi kadhaa za upande unaotazama upepo kwa matofali ya matundu, na pale penye michongoma iliyobanana, panda mti wenye shina refu na kivuli cha juu.

Ya nne, isiyo ya kawaida kama watu wanavyodhani, ni nyumba kutazama vibaya. Pwani yetu ina kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki takriban Desemba hadi Machi, na kusi, kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake, na mchana bahari yenyewe inasukuma hewa kutoka upande huohuo. Dirisha linalotazama mashariki kabisa linapata upepo pamoja na jua la asubuhi, kwa hiyo lipe kivuli cha baraza au upenu mrefu. Kama upepo unapita sambamba na ukuta badala ya kuugonga, dirisha la bawaba linaweza kusaidia: bawa lake likifungukia nje na kuukabili upepo, linaukamata na kuuingiza. Bawaba zikifungwa upande usiofaa, bawa hilohilo linaukinga.

Simama na uite mtaalamu ikiwa rekebisho linataka tundu jipya kwenye ukuta wa nje. Usikate kamwe mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Usipanue dirisha bila linta mpya, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Nyumba ya ghorofa, au ukuta wenye ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, ni wa mhandisi kuangalia kwanza, hata fundi akikuapia kwamba hakuna shida.

Mchana afadhali, usiku ndiyo joto

Saa mbili usiku nje kumeanza kupoa, chumbani mtu anatoka jasho akiwa amelala. Weka kiganja darini (panda kwenye kiti imara), kisha kwenye ukuta wa magharibi, kisha kwenye ukuta wa ndani. Kilicho cha moto kuliko vingine ndicho kinachokuunguza.

Mara nyingi, hata kabla ya kiganja, kosa liko kwenye ratiba. Madirisha yanafungwa jua likizama kwa hofu ya mbu na wezi, saa ileile hewa ya nje inapoanza kufaa. Joto lililoingia mchana linabaki ndani hadi alfajiri. Dawa ni matundu ya juu yenye nondo na wavu, yanayoweza kuachwa wazi usiku kucha bila mtu kuingiza mkono. Tena usiku upepo hugeuka: upepo uitwao umande hutoka bara kwenda baharini. Dirisha la upande wa magharibi ambalo mchana lilikuwa la kutolea, usiku ndilo la kuingizia. Anayefungua upande wa bahari pekee anaukosa.

Dari ikiwa ya moto, tazama paa. Mabati yakipigwa jua mchana kutwa, hewa iliyo kati yake na dari hupanda joto kuliko ya nje kwa mbali, na isipopata pa kutokea huishushia nyumba joto hilo usiku. Hapa nina neno na mtindo wa kuficha bati. Nyumba inapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini ukuta uliopandishwa kuzunguka paa umeondoa upenu, kwa hiyo jua linapiga dirisha na ukuta moja kwa moja, na mara nyingi hakuna hata tundu moja la kupitisha hewa juu ya dari. Ukiongeza bati la rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, umejipikia mwenyewe.

Anza na rahisi: tafuta kama matundu yapo na yameziba. Ndege hujenga viota, mafundi wa rangi huyaziba. Halafu weka matundu ya chini kwenye upenu na ya juu karibu na kilele cha paa, pande mbili zinazotazamana. Hewa ya moto itapanda na kutoka yenyewe, ya nje ichukue nafasi yake. Kila tundu liwe na wavu mgumu dhidi ya popo. Kwenye paa lililofichwa, tundu hutobolewa kwenye ukuta ule uliopandishwa, chini ya bati, na fundi aangalie kwamba maji ya mvua hayatarudi ndani. Rangi nyeupe juu ya bati husaidia sana kwa gharama ndogo, ila hufifia na kuchafuka.

Ukuta wa magharibi au paa la zege likiwa la moto, madirisha peke yake hayatakuokoa haraka. Zege linatunza joto kwa saa nyingi. Lizuie lisiingie: kivuli cha mti, turubai, baraza, rangi nyeupe. Jua la kaskazini na kusini hapa kwetu liko juu sana na upenu wa kawaida unalikinga. La magharibi huja chini chini saa kumi na moja jioni na kupita chini ya upenu wowote.

Na pangaboi? Halipozi hewa, linapoza mtu kwa kukausha jasho. Kwenye chumba kisicho na mtu linakula umeme bure. Chini ya dari ya moto linaishusha ile hewa ya juu mpaka kitandani, ndiyo maana wengine wanasema feni yao inapuliza moto. Wanasema kweli.

Tahadhari ya darini: usipande mchana, joto la huko linaweza kukuzimisha. Kanyaga mbao za kenchi tu, zile zinazobeba paa, dari ya jipsamu haibebi mtu. Ukikuta nyaya za umeme zilizochubuka au ukasikia harufu ya plastiki iliyoungua, zima swichi kuu, shuka, mwite fundi umeme. Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa vigae vya asbesto zisitobolewe wala kusuguliwa hata kidogo. Vumbi lake huharibu mapafu, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na mafunzo.

Hewa inapita vizuri, lakini inaleta moshi na harufu

Mara nyingi jiko au choo kiko upande upepo unakotoka, na nyumba nzima iko upande unakokwenda. Upepo unafanya kazi yake vizuri mno. Ukifungua kwa upana dirisha la jiko lililo upande upepo unakotoka, unausukuma moshi sebuleni. Lifungue kidogo, funga mlango kati ya jiko na sebule, na upate tundu juu ya jiko, karibu na dari, upande usio wa upepo. Anayejenga upya aweke jiko na vyoo magharibi au kaskazini magharibi mwa kiwanja cha pwani.

Harufu ya chooni ina sababu zake nyingine. Kwanza, maji yaliyobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki au tundu la sakafuni yamekauka, hasa kwenye choo cha wageni kisichotumika. Mwaga ndoo ya maji, subiri saa moja. Pili, bomba la hewa la shimo halikupandishwa juu ya paa, limekatwa usawa wa dirisha. Tatu, feni ya kutolea hewa inavuta kwa nguvu huku kila kitu kimefungwa, kwa hiyo inavuta kutoka kwenye bomba la maji machafu. Fungua dirisha kidogo uone. Harufu ikibaki baada ya hayo matatu, mwite fundi bomba, na usifungue chemba mwenyewe uingie. Gesi ya shimo la choo huua.

Jiko la mkaa linahitaji onyo la peke yake. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikija, kichefuchefu kikifuata, na hasa kama watu wawili ndani ya nyumba wanasikia hivyo kwa wakati mmoja, tokeni nje wote mara moja, kisha hospitali. Hakuna kurudi kufungua dirisha kwanza. Jenereta nalo lisikae barazani chini ya dirisha.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Dirisha la juu haliiondoi. Jiko la gesi linahitaji tundu karibu na sakafu linalotazama nje. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala kuzima taa. Funga regulata kama unaifikia salama, fungua milango, toka, na umpigie simu muuzaji au zimamoto ukiwa nje.

Ukungu mweusi nyuma ya kabati

Huonekana masika. Nguo zinanuka, viatu vya ngozi vinaota vumbi jeupe, na kona ya ukuta nyuma ya kabati ina madoa meusi.

La kuamua kwanza ni unyevu unatoka wapi. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa gundi pande zote nne, kiache siku mbili. Maji yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe una maji: paa linavuja, bomba limepasuka, au unyevu unapanda kutoka msingi usiowekewa nailoni ya kuzuia maji. Madirisha hayatatibu hilo. Yakitokea upande wa chumbani, au pasiwe na maji kabisa ingawa ukungu upo, tatizo ni hewa iliyosimama.

Kwa hewa iliyosimama, vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Acha kuanika nguo chumbani. Baada ya kuoga, funga mlango wa bafu na ufungue dirisha lake, usifanye kinyume, kwa maana wengi hufungua mlango na mvuke wote unakwenda kwenye magodoro. Sugua ukungu kwa maji ya sabuni, ukiwa umeziba pua na mdomo. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na dawa nyingine ya chooni.

Soketi ikiwa na unyevu, zima swichi kuu kabla ya kitu kingine chochote. Plasta ikibomoka na kutoa unga mweupe juu ya msingi, tafuta mhandisi au fundi anayejua misingi, usipake rangi juu yake.

Upepo umezidi

Kaskazi ikishika, milango inapiga na vumbi linajaa. Punguza upande wa kutokea, usiguse wa kuingilia. Tundu kubwa la kuingizia na dogo la kutolea hutuliza chumba bila kukikosesha hewa. Mvua ya pembeni huzuiwa na luva zilizoinamishwa au upenu.

Ushauri huu nimeufuata Dodoma, joto limezidi

Ndiyo, na lazima lizidi. Dodoma iko juu kidogo ya mita 1,100, hewa ni kavu, mchana unawaka na usiku unapoa sana. Pwani tunaacha wazi mchana na usiku kwa sababu tofauti ya joto ni ndogo na tunachotafuta ni upepo wa kukausha jasho. Dodoma ukifungua mchana unaingiza joto na kulihifadhi ukutani. Huko fungua kila kitu kuanzia jua likizama hadi alfajiri, kuta na sakafu zipoe, kisha funga madirisha na mapazia saa tatu asubuhi. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce aliyetazama vichuguu vya mchwa, linatumia njia hiyo kwa kiwango kikubwa: feni huingiza hewa baridi ya usiku ndani ya sakafu za zege, na zege hilo hupoza ofisi mchana. Harare nayo iko juu na usiku wake ni baridi. Lingejengwa Kigamboni, zege lisingepata usiku wa kupoa.

Njombe, Mbeya na Arusha wakati wa kipupwe shida hugeuka: watu huziba kila tundu kwa matambara. Funga madirisha, lakini tundu la juu libaki wazi, na jiko la mkaa libaki nje.

Ukiwa na shaka mji wako uko upande gani, nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kitundike nje kivulini, kingine chumbani mbali na ukuta wa jua. Visome saa nane mchana na saa nne usiku, kwa wiki moja. Cha nje kikiwa chini, fungua. Kikiwa juu kwa nyuzi nyingi, funga. Vikikaribiana mchana na usiku, kama vinavyofanya Tanga na Mombasa, acha wazi na rudi kwenye kipimo cha moshi.